Viazi Vilivyolala Majini

Kwenye matanga watu husema uongo wa heshima, nami sina ugomvi nao. Siku ya tatu baada ya kumzika shangazi yangu, Mama Zuhura, tulipomaliza kisomo, jirani mmoja wa mtaa wetu wa Kondele alisimama akasema marehemu hakuwahi kumkosea binadamu yeyote tangu azaliwe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani upande wa wanawake, miguu imekufa ganzi, na ubavuni mwangu alikuwa Atieno, muuguzi mwenye mvi sasa, aliyejifunga leso kichwani kwa heshima ya nyumba ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Tuliangaliana, kisha kila mmoja akatazama chini haraka kama watoto waliokamatwa wakicheka msibani. Kwa maana shangazi alimkosea binadamu mmoja, mara moja, kwa wema mtupu, na binadamu mwenyewe ni huyo Atieno. Lakini kosa la shangazi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa langu, na kwa kuwa mbele ya watu wa matanga hakuna aliyelitaja, naliandika hapa mwenyewe. Nimefika umri ambao jambo la namna hii likikaa kifuani halilali, wala halimwachi mwenye kifua alale.

Mwaka ule tulikuwa kidato cha nne, tukilala chumba kimoja nyumbani kwa shangazi, hapo Kondele, nyuma ya maduka ya barabarani. Atieno alitoka mbali, ng'ambo ya Kisian, na shule yetu ya kutwa ilikuwa upande huu wa mji, kwa hiyo shangazi alimchukua. Atieno hakuulizwa wala hakuhojiwa. Nilimleta mchana mmoja akanywa chai, na jioni shangazi akasema, "Huyu mtoto atatembea mpaka lini? Anapolala mmoja wawili wanalala." Chumba chetu kilitengwa na chake kwa ubao mwembamba, mwembamba kiasi kwamba shangazi akigeuka kitandani tulijua amegeukia upande gani. Kulikuwa na kitanda kimoja, misumari miwili ya kutundikia sare, na harufu ya mafuta ya kukaangia ambayo haikutoka hata ukifungua dirisha kutwa. Shangazi aliuza chipsi, tena chipsi za sifa, na sisi tulikula zilizovunjika, zile fupifupi zinazobaki chini ya karai, kwa kachumbari. Siku za Jumapili Atieno akirudi kutoka kwao alileta omena, dagaa wa ziwani, shangazi akazikaanga kwa nyanya, tukala na ugali tukiwa tumezunguka sinia moja. Nimekula katika nyumba kubwa baada ya hapo, penye uma na kisu, na sijui kama niliwahi kushiba vile.

Kazi ya chipsi, kwa asiyeijua, haianzii kwenye mafuta, inaanzia kwenye ndoo. Shangazi alimenya viazi mchana, akavikata vipande vinene kama vidole, akavitumbukiza ndani ya ndoo za maji safi, akazifunika kwa kitambaa mpaka siku ya pili. Kiazi kilichokatwa kikiachwa kwenye hewa hubadilika rangi kikawa kama meno ya mvuta sigara, na hakuna mteja wa Kondele atakayenunua hicho. Kikilala majini hubaki cheupe na kigumu. Hayo tuliyajua kama tunavyojua jina la mtaa, bila kuyafikiria. Mimi na Atieno tulimwaga maji ya ndoo zile kila alasiri tulipotoka shule, na tulikuwa na viganja vilivyokunjamana kuliko vya wazee.

Mwalimu wetu wa bayolojia aliitwa Bwana Ogola. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mtu wa kufuta ubao mwenyewe bila kumtuma mwanafunzi, na alikuwa akifundisha madarasa manne peke yake kwa sababu mwenzake alikuwa amehamishwa. Muhula ule wa kwanza alitufundisha osmosisi. Alituambia kila seli iliyo hai imezungukwa na utando unaochagua, unaoruhusu maji kupita lakini unazuia sukari na chumvi nyingi zilizomo. Maji, alisema, hutoka pale yalipo mengi kwenda pale yalipopungukiwa, pale penye chumvi au sukari zaidi. Ukikiweka kipande cha kiazi kibichi katika maji matupu, maji yataingia, seli zitajaa, kipande kitarefuka. Ukikiweka katika maji ya chumvi kali, maji yatatoka, kipande kitalegea na kufupika. Tulinakili yote, pamoja na mfano wa vipimo: kipande cha sentimita tano, baada ya saa moja ndani ya maji matupu, tano nukta mbili. Kisha akaweka chaki chini akasema jambo ambalo hatukulinakili lakini hakuna aliyelisahau. Shule ilitaka kupunguza watahiniwa wa bayolojia ili wastani usiharibike. Jumatatu tungefanya jaribio hilo maabara, kila mtu peke yake, kwa alama ishirini, na atakayeanguka jina lake litaondolewa kabla orodha haijapelekwa Ijumaa. "Sikupenda hii, lakini ndiyo nimeambiwa," alisema. Nilimtazama Atieno. Alikuwa akitaka uuguzi tangu kidato cha kwanza, na bila bayolojia hakuna chuo cha uuguzi ambacho kingesoma hata barua yake.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa maabara, na kwa kuwa alijua kazi ya shangazi yangu, Bwana Ogola alinituma mimi viazi. Alisema vizuri kabisa, na bado namsikia: "Vibichi, Hadija, vya kutoka gunia, na maganda yake." Jumapili mchana, Atieno akiwa bado kwao, nikamwambia shangazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, maganda yamemjaa mapajani.

"Na maganda?" aliuliza. "Mwalimu ni mbuzi?"

"Ndivyo amesema, shangazi."

"Amesema kwa sababu anaona haya kunisumbua. Mtu akikuomba maji, unampelekea kisima? Mimi nipelekee mwalimu wa watoto wangu viazi na matope, waseme Mama Zuhura ametupa gunia hapo kama anatupia ng'ombe? Lete ndoo ile mpya."

Alichagua vile vikubwa visivyo na doa. Alivimenya, akavikata kwa mkono wa taratibu kuliko anavyokata vya kuuza, vyote unene mmoja, ili mwalimu apunguziwe kazi. Akavilaza ndani ya maji ya bomba, akafunika kwa kitambaa cheupe. "Nilikuwa nitie chumvi kidogo," alisema akijipangusa, "nikasema, aa, mwalimu ana chumvi yake."

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Wasichana wa darasa letu walikuwa wakiniita Chipsi. Walisema nikipita wanasikia njaa. Nilijiona nikiingia langoni asubuhi na mfuko wa viazi vya matope mgongoni, kisha nikajiona nikiingia na ndoo mpya yenye kitambaa cheupe, na picha ya pili ikanipendeza. Hiyo ndiyo sababu yote. Watu wazima wakiulizwa kwa nini walifanya jambo fulani ujanani hutafuta sababu yenye urefu na upana, na mimi nimeitafuta vilevile, lakini nikiondoa maneno kinachobaki ni kitambaa cheupe.

Jumatatu asubuhi Bwana Ogola alipoiona ndoo alisita. Akaangalia saa, akaangalia wanafunzi thelathini na wanane waliokwisha kupanga glasi zao, akasema, "Mwambie Mama asante sana, amejisumbua," na akaanza kugawa. Kila mmoja alikata vipande viwili vya sentimita tano, kimoja akakitia katika maji matupu, kingine katika maji ya chumvi. Nilipokishika kile cha kwanza nilikisikia kigumu, kigumu hasa, ukikikunja kinavunjika kwa mlio. Hapo hapo yale maneno, "na maganda yake," yakanirudia. Tulingoja saa moja. Tulipopima, cha chumvi kilikuwa kimelegea kama kilivyotakiwa. Cha maji kilikuwa sentimita tano. Nilikipima tena, tano. Minong'ono ikaanza kupita chini ya meza, "Ni tano nukta mbili, ni tano nukta mbili, iko kwa daftari," na kalamu zikasikika zikikwaruza darasa zima. Niliandika tano nukta mbili. Kando yangu Atieno alipima mara tatu, akaazima rula yangu akapima mara ya nne, akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha kama anayekiuliza swali. Kisha akaandika: tano, hakuna mabadiliko.

Kesho yake Bwana Ogola alirudisha karatasi. Wengine sote tulipita. Atieno alipata nne kati ya ishirini.

"Atieno, wewe si mzembe," mwalimu alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nini kilitokea? Ulikitoa mapema?"

"Hapana, Mwalimu. Saa moja nzima."

"Basi hukupima vizuri. Sikiza, sitaki kukupoteza. Nakupa mpaka Ijumaa. Andika upya."

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Kilichotokea."

"Nimeandika kilichotokea."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka nalo, kicheko kifupi cha pua, ambacho nikikikumbuka hadi leo natamani kingekuwa cha mtu mwingine. Bwana Ogola hakucheka. Alimwekea ile karatasi mezani taratibu na kuendelea na somo. Nilifungua daftari langu chini ya meza nikasoma tena yale maelezo ya seli zinazojaa maji. Nikaelewa. Vile vipande vilikuwa vimekunywa tangu Jumapili saa nane mchana. Vilipofika maabara vilikuwa vimeshiba, havikuwa na nafasi ya tone. Kile ambacho Atieno aliona ndicho kilichokuwepo, na sisi wengine tulikuwa tumeandika ndoto ya kitabu. Neno moja tu, "viazi vililowekwa," lingemaliza kila kitu. Lakini neno hilo lingesema pia kwamba shangazi, aliyekwisha kushukuriwa mbele ya darasa na kuzifurahia shukrani hizo jioni nzima, ndiye aliyeharibu jaribio. Na lingesema kwamba mimi nilionywa. Na kwamba ile tano nukta mbili yangu sikuiona popote. Nikajiambia Ijumaa iko mbali.

Jumatano alasiri nilikuwa nimejilaza chumbani, nikijifanya kichwa kinaniuma, na chini ya dirisha letu shangazi na Atieno walikuwa wakiosha ndoo uani. Shangazi alikuwa akipenda kumfundisha Atieno kazi, kwa sababu Atieno alikuwa akiuliza, na mimi siku hizo nilikuwa nikijiona nimezijua zote.

"Hivi vimenyauka, Mama," nilimsikia Atieno akisema. "Hivi si vya kutupa?"

"Utupe pesa? Hivi vimekaa sana kwa gunia, vimekuwa laini kama shavu la bibi. Vikate, vilaze majini. Asubuhi utakuta vimeamka, vimekuwa vigumu, hata havijui viliwahi kuzeeka."

"Vinakunywa?"

"Vinakunywa mpaka vinashiba. Vikishiba havinywi tena, hata uviache siku mbili."

Nilisikia maji yakimwagwa. Kisha Atieno akauliza, pole pole sana, "Na vile vya mwalimu, Mama, vilikunywa?"

"Hivyo ndio vililala vizuri kabisa," shangazi akasema kwa fahari. "Ndoo mpya. Tangu Jumapili."

"Kare," alisema Atieno, neno la kwao la kukubali jambo. "Asante, Mama."

Nilifunga macho. Niliposikia mlango ukifunguliwa niligeukia ukutani, na yeye akachukua rula yake kwenye begi akatoka bila kuniamsha.

Alhamisi tulipotoka shule alipanga vikombe vitatu vya chai kwenye kizingiti cha dirisha letu, vyote na maji matupu. Katika cha kwanza alitia kipande cha kiazi kilichotoka gunia muda ule ule, alichokimenya na kukikata bila kukiosha. Katika cha pili alitia kipande kilicholala ndani ya ndoo ya shangazi. Katika cha tatu, kilichochemshwa kidogo jikoni. Vyote sentimita tano, vyote unene sawa kadiri kisu cha jikoni kilivyoruhusu. Kisha akaongeza sahani ya pembeni, vitunguu vya kachumbari alivyovifikicha kwa chumvi, ili aone na upande wa pili wa habari. Tulikaa kitandani tukingoja, magoti yetu yakigusana kwa sababu chumba hakikuwa na mahali pengine pa kuweka magoti. Nje wauza nyanya walikuwa wakiitana, na shangazi alikuwa akiimba kwa kukosea maneno. Ile saa moja ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa na mtu bila kuzungumza.

Alipima cha gunia: tano nukta mbili. Akapima cha ndoo: tano kamili. Cha kuchemshwa nacho kilikuwa tano, laini, na maji yake yameingia ukungu. Vitunguu vilikuwa vimelegea ndani ya maji yao wenyewe.

"Ona," aliniambia, kama anayemfundisha mtu asiyejua. "Hiki kilikuwa na kiu. Hiki kilikuwa kimeshiba. Hiki kimekufa, moto uliharibu ile ngozi ya seli, hakichagui tena nini iingie nini itoke. Na kitunguu, chumvi imekinyang'anya maji. Mwalimu alisema kweli yote. Na mimi nilisema kweli."

"Basi mpelekee kesho."

Alikuwa akiandika kwenye daftari, safu tatu, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimwambie nini? Mama aliharibu? Hadija, mimi nakula kwake. Sahani yake ndiyo sahani yangu. Mwalimu alimshukuru mbele ya watu, na yeye ameambia Kondele nzima. Nikimtoa aibu kwa ajili ya alama, nitarudi hapa na uso gani?"

"Basi andika tu tano nukta mbili. Mwalimu mwenyewe anataka uandike. Ni tarakimu moja!"

Hapo ndipo alipoinua macho. "Nikiwa nesi," alisema, "mtoto analetwa, napima joto, naona thelathini na tisa. Niandike thelathini na saba, kwa sababu kitabu inasema mtoto ako na thelathini na saba?"

Kisha, bila hasira, akafunga daftari, akamwagilia mmea wa sukuma wiki dirishani kwa maji ya vikombe, akaenda kumsaidia shangazi kuwasha jiko. Mimi nilibaki pale kitandani nikiwa na huruma nyingi kwa Atieno na hasira nyingi kwa nafsi yangu, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nikihesabu kama kuna njia ambayo mwalimu angegundua mwenyewe.

Hakukuwa na njia. Ijumaa wakati wa mapumziko nilikwenda kwenye chumba cha walimu. Bwana Ogola alikuwa mwisho wa meza ndefu na kikombe cha chai na andazi, orodha ya majina imelala mbele yake, na nikiwa nimesimama nililiona jina la Atieno limepigwa mstari kwa penseli. Nafikiri ni ile penseli iliyonifungua mdomo. Kalamu ingekuwa imekwisha amua, lakini penseli hufutika. Nilimwambia yote bila kupumua: kwamba viazi vilimenywa na kulowekwa tangu Jumapili, kwamba nilijua alivyoagiza nikanyamaza, kwamba shangazi alifanya kwa heshima na asilaumiwe, na kwamba nilipopima niliona tano nikaandika kingine.

Aliweka andazi chini. Nilingoja anifokee, na ningeona nafuu. Badala yake alivuta lile rundo la karatasi zetu akaanza kuzipitia moja baada ya nyingine, akisoma mstari uleule kwa sauti ndogo. "Tano nukta mbili. Tano nukta mbili. Tano nukta mbili." Alifika kwa mvulana mmoja aliyeandika tano nukta tatu, akasema, "Huyu aliona zaidi ya wote." Hakuwa akitania. Alipomaliza aliweka mkono juu ya rundo.

"Thelathini na saba," alisema. "Na mimi wa thelathini na nane. Sikuangalia glasi hata moja, Hadija. Nilisahihisha kwa kitabu. Nilikuwa nimemwambia mtoto aandike kilichotokea, na mimi nikiwa sijui kilichotokea."

Alichukua kifutio akafuta ule mstari. Akafuta taratibu, kama anavyofuta ubao, mpaka karatasi ikang'aa. Kisha akasema majina yote yatakwenda kama yalivyo, na kama mwalimu mkuu atauliza, atajibu yeye. Na kwamba Jumatatu darasa zima litarudia jaribio isipokuwa mmoja. Alinyoosha mkono, nami nikamkabidhi ufunguo wa maabara. Hakunirudishia tena mwaka ule, na alikuwa na haki.

Kengele ya jioni ilipolia nilikimbia nyumbani ili shangazi asiisikie habari hiyo barabarani. Alikuwa kwenye karai lake, jasho linamtiririka. Nilimwambia mbele ya mteja, kwa sababu nilijua nikingoja mteja aondoke na ujasiri utaondoka naye. Alisikiliza huku akigeuza chipsi. Alizitoa, akazichuja mafuta, akazifunga, akamuaga mteja. Kisha akamwita Atieno, aliyefika nyuma yangu, akawa ndani akivua sare bila kujua lolote.

"Huyu alikuwa anakuacha uanguke ili mimi nisione aibu," alimwambia akininyooshea mwiko. "Na wewe ulikuwa unakubali kuanguka ili mimi nisione aibu. Mnanipikia njama ndani ya nyumba yangu, mnanilinda kama yai. Nani aliwaambia mimi naogopa aibu? Nimekaa barabara hii na karai miaka kumi na minne. Aibu niliikaanga zamani, nikaiuza na kachumbari."

Atieno alianza kusema kitu, shangazi akamzuia. Aliweka mwiko chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, pande zote mbili, akamshika Atieno mabega. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Nisamehe, nyathina," alimwambia, mwanangu, kwa lugha ya Atieno, ambayo kwa kawaida aliitumia sokoni tu kupunguziwa bei. "Nilitaka kumpa mwalimu kitu kizuri. Sikujua kizuri changu kitakunyima." Atieno akalia. Shangazi akalia. Mimi nilisimama pembeni nikiwa sijui kama nina ruhusa ya kulia, na mafuta yakaanza kutoa moshi, ikabidi mtu ayaepue, na mtu huyo nilikuwa mimi. Jumatatu shangazi alipeleka viazi shuleni mwenyewe, na maganda na matope yake yote, akasalimiana na Bwana Ogola kwa mikono miwili, na mwalimu huyo akawa mteja wake mpaka alipostaafu.

Atieno aliupata uuguzi wake. Amewahudumia watu wa mji huu kwa miaka mingi, na mwaka huu shangazi alipougua ni yeye aliyekuwa akija kumpima joto na presha na kuandika alichokiona, hata siku ambazo sisi wa nyumbani tulitamani aandike kingine. Baada ya kile kisomo cha siku ya tatu tulibaki uani wawili tukisugua sufuria za pilau, wanawake wazima wenye magoti yanayolia. Nikamuuliza nilichokuwa sijamuuliza maisha yangu yote, kama alijua kwamba mimi nilijua.

"Tangu Jumatatu," alisema bila kuinua kichwa. "Ulishika kile kipande, ukakikunja, ukaangalia mlango. Jumatano Mama alinieleza tu sababu."

"Na hukuniambia kitu. Alhamisi yote tumekaa pale kitandani."

"Nilikuwa nakungoja."

"Na kama ningenyamaza Ijumaa?"

"Ningeondolewa."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Niliweka sufuria chini. Nikamuuliza kama baada ya hapo angeendelea kulala na mimi kitanda kimoja, kula na mimi sinia moja, akijua nilichomfanyia.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mikono imejaa povu.

"Sasa ningelala wapi, Hadija?"

Nilikuwa sijalia tangu tulipomzika shangazi. Nililia pale.